Kocha, punguza kuwaka: namna ya kukaa benchi ukiwa na timu ya kikapu ya watoto

Hii ni kwa makocha wa watoto, kuanzia wa shule ya msingi mpaka fomu foo hivi, na nawawaza zaidi wenzangu wa hapa Tabora tunaochezea viwanja vya saruji ambavyo mashabiki wako hatua mbili kutoka mstarini, wengine chini ya mwembe, wengine wamekalia bodaboda zao, na kila mmoja ni kocha. Mazingira hayo kuwaka ni dakika moja tu. Ila usiniambie "mimi ndo nilivyozaliwa". Hasira za kocha zina saa zake, zinakuja sehemu zilezile kila mechi, na kitu kinachokuja sehemu zilezile unaweza kukipangia.

Hatua ya 1: jua kinachokuwasha

Mechi inayofuata mpe mtu simu akurekodi wewe, mchezo aachane nao. Kwota moja (robo ya mechi) inatosha. Usiku ukiangalia, zima sauti kabisa, tazama mikono na uso tu, maana mtoto akiwa upande wa pili wa uwanja maneno yako hayamfikii, anachopata ni ile mikono uliyorusha juu. Wengi wetu utakuta ni vitu vitatu: mpira uliopotea kizembe, filimbi ya refa, au mtoto mmoja yuleyule (mara nyingi ni yule mrefu uliyemwekea matumaini yote, au mwanao wa kumzaa). Andika cha kwako kwenye daftari la mazoezi.

Alafu angalia kitu kingine kwenye hiyo video au mtume msaidizi wako akuangalizie: mtoto akikosa leiapu (ule mtupo wa karibu kabisa na ringi), anatazama wapi kwanza? Akigeuza shingo kutafuta benchi kabla hajarudi kukaba, hapo tatizo ni wewe. Ile nusu sekunde anayokusoma uso, mpinzani ameshadaka rebaundi (mpira uliokosa na kurudi), katoa pasi ndefu, mwenzake yuko peke yake kule golini anafunga kiulaini, na wewe ndo unaanza "rudi nyumaaa!" wakati aliyemchelewesha ni wewe. Hesabu hizo shingo mechi hii na mechi zijazo. Mimi hichi ndo kipimo ninachokiamini kuliko matokeo.

Hatua ya 2: chagua maneno yako kabla ya siku ya mechi

Maneno matatu au manne, basi, na yawe yaleyale mliyoyatumia mazoezini wiki nzima. Mimi natumia "rudi", "saidia", "boksi" (mzuie mpinzani kwa mgongo asifikie mpira unaorudi) na "tulia". Kama neno halijafundishwa Jumanne, Jumamosi ni kelele tu.

Na mwenye mpira muache. Namaanisha muache kabisa. Mashabiki wameshamwambia "piga", "toa pasi" na "ingia" kwa pamoja, sasa na wewe ukiongeza la kwako unakuwa kama unacheza gemu la pleisteshini, unataka mtoto awe kitufe. Ongea na wale wanne wasio na mpira, mwite kwa jina, sema neno moja, nyamaza. "Neema, saidia." Imeisha hiyo.

Hatua ya 3: ijue sheria inayokuhusu wewe

Makocha tunajua za wachezaji, za kwetu hatuzijui. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, anayeruhusiwa kusimama muda wote mchezo ukiendelea ni mmoja tu, kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, na awe ndani ya eneo la benchi. Faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu, inawapa wapinzani mtupo huru mmoja. Ukipata mbili kwa utovu wako mwenyewe, unatolewa. Sasa hapa ndo wengi wanapigwa butwaa: benchi lako likipiga kelele, msaidizi, mchezaji wa akiba, yeyote yule, faulo inaandikwa kwako, na zikifika tatu kwa jumla unatoka hata kama wewe hukufungua mdomo. Kwa hiyo yule msaidizi anayeruka ruka mpe kazi ya mikono, aandike faulo za timu, maana zikishafika nne kwenye kwota, inayofuata wenzenu wanaenda kupiga mitupo miwili, na hiyo ni taarifa unayoihitaji kweli.

Hatua ya 4: refa

Kwenye mechi zetu hizi refa mara nyingi ni kijana, mchezaji wa zamani au mwanafunzi mkubwa kidogo anayejifunza, na pengine kalipwa nauli tu. Kabla ya mechi nenda kamsalimie, mpe jina lako, mwonyeshe kapteni wako. Wakati wa mchezo usimfokee mpira ukiwa hai. Subiri mpira ufe na saa isimame, alafu uliza, usilalamike: "Refa samahani, namba saba kafanya nini pale, nikamrekebishe?" Swali la hivyo linajibika. "Huoni wewe?!" halijibiki, na watoto wako wakisikia hilo wanajua tayari nani wa kulaumiwa, wanaacha kukaba wanaanza kunyoosha mikono kuomba faulo. Hiyo tabia ikishaingia kwenye timu kuitoa ni kazi ya msimu mzima.

Kuna atakayesema makocha wakali ndo wanaochukua makombe, na atamtaja Bob Knight, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana kule Marekani. Sawa, alichukua ubingwa wa vyuo mara tatu, 1976, 1981 na 1987, na tarehe 23 Februari 1985 alirusha kiti uwanjani kwenye mechi na chuo cha Purdue akatolewa. Mwaka 2000 chuo kikamfukuza kwa mwenendo wake. Lakini sahau mwisho wake, tazama aliokuwa akiwafundisha: vijana wa chuo waliochaguliwa nchi nzima, wanaosomeshwa bure kwa sababu ya kikapu. Wako ana miaka 12, kaja kwa miguu kutoka mitaa ya Ng'ambo au Isevya hapa Tabora, na kesho asipokuja hapotezi chochote. Ndo maana anaondoka kimya kimya, wala hakuagi. Kuna utafiti wa 1992 wa watu wa University of Washington kwenye besiboli ya watoto, makocha waliofundishwa kutia moyo na kuelekeza badala ya kufoka, watoto walioacha msimu uliofuata walikuwa 5 kwa 100, kwa makocha wengine 26 kwa 100, na kushinda mechi hawakutofautiana.

Hatua ya 5: mtoto anapotoka uwanjani

Hapa ndo pa kukomaa. Usifanye sabu sekunde ileile katoa boko, kama inawezekana acha uchezaji mmoja upite, vinginevyo wote watacheza kwa kuogopa kutolewa. Akitoka, mpe mkono, maji, akae pembeni ya msaidizi. Wewe usimwambie kitu bado, anahema na hasikii, hasa Oktoba na jua lile la saa tisa. Ikipita dakika hivi inama usawa wa macho yake, umuulize kaona nini pale, kisha mpe kitu kimoja cha kufanya akirudi. Kimoja. Na akirudi kweli, maana ukimwekea kitu cha kufanya alafu usimrudishe umemdanganya.

Hatua ya 6: wazazi

Kikao kifupi mwanzo wa msimu, sio siku ya mechi. Waambie wanaruhusiwa kushangilia timu nzima mpaka sauti ikauke, ila maelekezo na refa ni kazi ya benchi. Atakuwepo tu mmoja anayetembea na mstari akimfundisha mwanae. Huyo usimjibu mbele za watu. Mtume mtu mzima mwenzake, au wakati wa mapumziko mfuate mwenyewe, shikamoo kwanza kama anakuzidi: "Baba Juma, mtoto anasikia sauti mbili, nisaidie leo asikie moja." Nimeona hii inafanya kazi kuliko kumtoa uwanjani. Kama ana nguvu nyingi mpe ubao wa pointi ashike, hutamsikia tena.

Hatua ya 7: taimauti na baada ya mechi

Taimauti, yaani kusimamisha mchezo uongee na timu, una mbili nusu ya kwanza, tatu ya pili, kila moja dakika moja, na za nusu ya kwanza hazihamii ya pili. Moja wapo itumie kwa ajili yako, ukihisi umeanza kuwaka. Sekunde kumi za mwanzo wanakunywa maji na wewe unapumua umewapa mgongo, alafu unaongea mambo mawili.

Mechi ikiisha, mkapeane mikono na wapinzani na marefa, wewe ukiwa wa kwanza kwenye foleni. Uchambuzi haufanyiki pale, na kwenye grupu la WhatsApp la wazazi usiandike chochote kuhusu mechi usiku huo zaidi ya matokeo, saa ya mazoezi ya Jumanne, na nani kasahau jezi yake.