Kabla hujajiandikisha triathloni tatu kwa msimu mmoja

Kila msimu wa triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, ukifunguliwa naona watu wanajaza fomu moja baada ya nyingine, sprinti mwezi huu, umbali wa Olimpiki mwezi ujao, nusu Ironman baada ya hapo, na wapo wanaotaka kufunga mwaka na Ironman yenyewe, ile ndefu kabisa. Sikatazi, hata mimi nachanganya umbali, ila kuna vitu uviweke sawa kabla hujalipa ada ya mtu.

Anza na hesabu. Sprinti ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Olimpiki ni mara mbili yake: 1,500, 40 na 10. Nusu ni kilomita 1.9, 90 na 21.1, na ile ndefu ni 3.8, 180 na marathoni nzima. Ukiangalia juujuu unaona ni kuzidisha kwa mbili tu, lakini kutoka Olimpiki kwenda nusu mchezo unabadilika kabisa, unaacha kitu cha kubana pumzi unaingia kwenye kitu cha masaa matano, sita, saba, ambacho kula kwako na subira yako ndo vinaamua.

Chagua shindano moja liwe ndo la mwaka, mengine yote yalitumikie hilo. Ukisema yote ni muhimu, hakuna utakalofika ukiwa mzima.

Pima moyo na presha. Baiskeli ipite kwa fundi, breki na tairi, na ujue kubadilisha tyubu kwa mikono yako. Kuogelea usiishie bwawani, nenda ziwani au baharini ukazoee maji yasiyo na mstari chini wa kufuata, na usiende peke yako hata siku moja.

Sasa nafasi kati ya shindano na shindano. Hapa naomba usome taratibu maana ndo paliponiumiza.

Kuna mwaka nilimaliza nusu vizuri sana. Siku mbili za kwanza ngazi nilikuwa nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta, siku ya tano miguu ikawa myepesi, siku ya nane nikaenda uwanjani kukimbia mita 400 mara nane na nilizipiga kwa kasi kuliko kabla ya shindano. Nilikuwa na sprinti wiki ya tatu, nikajiona niko tayari. Asubuhi moja natoka kitandani nasikia kitu kwenye ugoko wa kushoto, upande wa ndani, kama kiganja kimoja juu ya kifundo. Nikianza kukimbia mwili ukipata moto kinapotea, nikasema ni msuli huo, nikapaka dawa nikaendelea. Ila nikibonyeza kwa kidole gumba nilikuwa naipata palepale, sehemu ndogo kama kifungo cha shati, nikisogeza kidole kidogo pembeni hakuna kitu. Hiyo ndo dalili niliyoipuuza. Msuli mara nyingi unauma eneo zima, maumivu ya nukta moja juu ya mfupa ni habari nyingine.

Nikaenda kwenye sprinti. Maji sawa, baiskeli sawa, kilomita ya tatu ya kukimbia nakata kona mguu ukakataa kubeba uzito, nikamaliza nachechemea. Eksirei ya kwanza ikatoka safi, nikafurahi, nikarudi barabarani siku nne nzima, hadi kipimo cha MRI ndo kikaonyesha ufa kwenye mfupa. Baadaye nikajua ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei mwanzoni. Wiki nane bila kukimbia, na ile Olimpiki niliyokuwa naisubiri mwaka mzima nikaiangalia nimesimama pembeni na magongo.

Alichonieleza daktari ni kwamba pumzi na misuli vinarudi haraka, mfupa hauendi na mwendo huo. Ukiubebesha mzigo mkubwa unaanza kwa kuondoa tishu ya zamani ndo ujenge mpya, kwa hiyo kuna wiki kadhaa katikati unakuwa dhaifu wakati wewe unajisikia una nguvu kweli. Tangu hapo mimi baada ya nusu, wiki mbili sigusi spidi kabisa, naogelea na kuendesha taratibu, wiki ya tatu nakimbia polepole, na shindano la kasi si chini ya wiki tano. Nikifanya ile ndefu, msimu wangu umeisha. Ndo maana nakwambia panga mafupi yatangulie, marefu yafuate, spidi ya kwenye sprinti itakufaa kwenye nusu ila uchovu wa nusu hauifai sprinti kwa lolote.

Chakula nacho. Sprinti unaweza kumaliza kwa maji tu. Kwenye nusu wengi wanahitaji gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, na tumbo lisilozoeshwa linarudisha yote hayo barabarani, kwa hiyo jeli za wanga na vinywaji vya siku ile vijaribu kwenye mazoezi marefu wiki nyingi kabla. Usinywe maji matupu kupita kiu kwa masaa yote hayo, chumvi ya damu ikishuka sana ni hatari ya kweli, watu wamepoteza maisha.

Ukitoka kwenye mafupi mwili unakumbuka ile kasi, basi kwenye nusu kilomita 30 za kwanza za baiskeli zikuache unajiona unachelewa, hivo hivo ndo inavyotakiwa. Soma kanuni za kila shindano upya, za kufuata mgongo wa mwenzako kwenye baiskeli, za nguo ya mpira majini kulingana na joto la maji, maana hazifanani. Viatu vipya usivianzie siku ya shindano. Lala. Nyumbani wajue upo wapi na unarudi saa ngapi, beba simu, beba kitambulisho, na ukiamka na homa asubuhi ile usiingie majini hata kama umesafiri siku mbili kufika hapo.