Lubumbashi–Kinshasa: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege

Tunatumia uwanja wa Luano wa Lubumbashi (FBM) na N'djili wa Kinshasa (FIH), ila njia ni ile ile kwa viwanja vyovyote viwili. Laza telefone ubavu, kalkuleta itoe sin na cos. Jaribu sin 30. Ikitoa 0.5, endelea, ikitoa -0.988 iko kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), irudishe kwenye digrii kwanza.

Hatua ya 1: mahali pa viwanja. Luano: 11.591 kusini, 27.531 mashariki. N'djili: 4.386 kusini, 15.445 mashariki. Ukikuta dakika na sekunde, gawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600: 11°35′28″ ni 11.591. Anayeandika 11.35 ameusogeza uwanja karibu kilomita 27. Namba za kusini ni hasi. Hapa zote ni za kusini, alama zinafutana, lakini kwa Kisangani, iliyo kaskazini kidogo ya ikweta, usiiache.

Hatua ya 2: umbali. Zidisha sin za latitudo mbili: 0.2009 × 0.0765 = 0.01537. Kisha cos zake, mara cos ya tofauti ya longitudo (12.086): 0.9796 × 0.9971 × 0.9778 = 0.95508. Jumla 0.97045. Usiikate iwe 0.97, utaongeza zaidi ya kilomita 10. Bonyeza cos⁻¹: 13.96. Mara 60 ni maili za baharini 838, mara 1.852, kilomita 1,552. Huo ni mstari wa moja kwa moja. Ndege hufuata njia zilizopangwa na huzunguka kupanga foleni ya kutua, kwa hiyo itaruka zaidi kidogo.

Hatua ya 3: muda. Jeti ya aina ya 737 au A320 huenda noti (maili za baharini kwa saa) 440 hivi: 838 ÷ 440 = 1.9. Hiyo si saa 1 na dakika 90! Ni 0.9 × 60, yaani saa 1 na dakika 54. Ongeza 15 za kupanda na kushuka, 10 za ndege kutembea chini uwanjani: saa 2 na dakika 20 hivi. ATR 72, ndege ya propela, kwenye noti 270, inahitaji zaidi ya saa 3 kwa mwendo wa angani peke yake. Kwa jeti, upepo wa noti 20 hubadilisha dakika tano au sita tu.

Hatua ya 4: saa ya ukutani. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kinshasa iko nyuma yetu sisi wa Lubumbashi kwa saa moja. Ukiondoka Luano 10:00, unatua 11:20 ya kule. Kurudi, ukiondoka 13:00 unafika 16:20. Tiketi huandika saa ya mahali penyewe, kwa hiyo ukitoa tu namba mbili utadhani kwenda ni saa 1 na dakika 20 na kurudi ni saa 3 na dakika 20.

Tena 10:00 ya tiketi ni saa nne asubuhi. Ukimwambia ndugu wa Kinshasa "nafika saa tano na dakika ishirini" naye akaandika 5:20, atakungoja N'djili tangu alfajiri. Mtumie 11:20 kwa tarakimu.