Kabla hujaikimbia eksirei: namna ya kupima hatari ya mionzi

Mimi ni mpiga eksirei katika hospitali moja mkoani Njombe. Wengi wanaoingia chumbani kwangu huuliza swali lile lile kabla hawajavua shati: "Hii mashine si inaleta kansa?" Silidharau hata kidogo. Ila na mimi huwa nina langu: umefikaje hapa? Mama mmoja mwenye kikohozi cha muda mrefu alikuwa amekuja na bodaboda, mshikaki, yeye na mjukuu nyuma ya dereva, wote vichwa wazi. Na kwa baridi ya Julai huku kwetu, usiku alilala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, sawasawa na mionzi yangu, na humuua mtu usingizini. Hilo jiko halikumtisha.

Wala si ujinga wa mama huyo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Slovic, alichapisha katika jarida la Science jedwali la mambo 30 yaliyopangwa kwa hatari. Wanafunzi wa chuo na wanachama wa jumuiya moja ya wanawake waliweka umeme wa nyuklia namba 1, yaani hatari kuliko yote. Wataalamu waliuweka namba 20. Kwenye eksirei mambo yakageuka: wataalamu waliipa namba 7, wanawake wale namba 22. Mtu huogopa kitu asichokiona, asichokichagua, chenye sifa ya kuua wengi kwa mpigo. Kikija mkononi mwa daktari, anakipokea. Hapa kazini nawaona wa pande zote mbili: mmoja anakataa picha ya kifua, mwingine yuko tayari kulipa apigwe CT scan, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ya mwili mzima "ili nijijue tu". Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi.

Basi ukisikia kitu kina mionzi, anza hivi.

Uliza ni mionzi ipi

Eksirei, CT scan na madini ya urani hutoa mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, kwa hiyo inaweza kuharibu vinasaba. Mnara wa simu, redio na WiFi havina nguvu hiyo. Mawimbi yake yakizidi sana hupasha joto. Utrasaundi ni sauti tu. MRI ni sumaku na mawimbi ya redio. Mjamzito anayeikimbia utrasaundi kwa sababu ya mionzi anakimbia kitu ambacho hakimo.

Kuhusu minara, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi ya aina hii katika kundi la 2B, yaani kuna ushahidi kidogo ambao hautoshi kuthibitisha wala kufuta. Katika kundi hilo hilo limo pia dondoo, yaani majimaji yaliyokamuliwa, la jani zima la mshubiri (aloe vera). Na kama unampigia simu diwani kulalamika kuhusu mnara wa jirani, ujue kwamba ile simu iliyo sikioni ndiyo inayokupa mawimbi mengi kuliko mnara.

Uliza kiasi

Hapa ndipo penye kazi. Kuuliza "kuna mionzi?" ni sawa na kuuliza kama mboga ina chumvi: ipo, swali ni kiasi gani. Mionzi hutoka ardhini, angani, kwenye kuta za nyumba na kwenye chakula. Viazi mviringo vyetu vina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani hutoa mionzi, hivyo hata wewe uliyekaa hapo unatoa. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisiverti 2.4 kwa mtu kwa mwaka; milisiverti ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini. Kwenye karatasi huandikwa mSv. Karibu nusu yake hutoka kwenye radoni, gesi inayopanda kutoka kwenye udongo. Kuna sehemu zinazozidi wastani huo, kama kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, chenye thoriamu nyingi, madini yanayotoa mionzi.

Sasa chukua kipimo chako, zidisha mSv zake kwa 150. Jibu ni idadi ya siku za mionzi ya asili. Picha moja ya kifua ni kama 0.02, yaani siku tatu. Picha ya jino haifikishi hata siku moja. Ya mgongo, kwenye kiuno, ni kama 1.5, hiyo ni miezi saba. CT scan ya tumbo ni kama 8 hadi 10. Hiyo ni miaka mitatu hadi minne, na ndiyo maana sipendi ifanywe kwa udadisi.

Miaka minne ya mionzi ya asili ina uzito gani? Makadirio yanayotumiwa kupanga kinga ni kwamba kila mSv 1,000 huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban asilimia 5. Kwa mSv 10 tunazungumzia mtu mmoja kati ya 2,000. Katika hao 2,000, karibu 400 wangepata saratani maishani hata kama hawajawahi kuiona mashine. Kama daktari anatafuta damu inayovujia tumboni baada ya ajali, panda kitandani haraka. Kama unataka tu kujijua, rudi nyumbani.

Uliza usipofanya itakuwaje

Watu huruka swali hili. Yule mama wa kikohozi akikataa picha, kifua kikuu kinaweza kubaki hakijajulikana, naye analala chumba kimoja na mjukuu. Kule Fukushima, Japani, kinu cha umeme wa nyuklia kilipoharibika mwaka 2011, zaidi ya watu 2,000 wa mkoa ule walihesabiwa kuwa walikufa kwa sababu zilizotokana na janga na kuhamishwa, wengi wao wazee waliotolewa hospitalini na kwenye makao yao. Kamati ya Umoja wa Mataifa haikupata madhara ya afya kwa wakazi yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi yenyewe. Hofu nayo ina gharama zake.

Halafu linganisha na siku yako. WHO ilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kutokana na moshi wa kupikia majumbani, na milioni 1.19 barabarani mwaka 2021. Kofia ngumu ya pikipiki hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo ukitoka kwangu mwambie dereva akupe kofia, na jiko lilale nje.

Ukifika chumbani kwetu

Sema mapema kama una mimba au huna hakika. Picha ya kifua humpa mtoto tumboni chini ya mSv 0.01, lakini ni vizuri tujue. Ulizia picha za zamani, huenda hakuna haja ya kurudia; zihifadhi, usizifanye karatasi ya kufungia dirisha. Ndugu wasiohitajika watoke nje: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inabaki robo. Una haki pia ya kuuliza kama mashine ina kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu.

Mahali pa kuogopa kweli

Jua, kwa wenye ualbino. Katika mionzi yote niijuayo, ya jua ndiyo naona inawaumiza wengi wao, na saratani ya ngozi huanza mapema. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi si mapambo.

Na vyuma chakavu. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, watu waliokota mashine ya tiba iliyoachwa kwenye jengo tupu, wakaivunja na kuiuza. Ndani mlikuwa na sesiamu, kitu chenye mionzi mikali kinachong'aa bluu gizani, watu wakagawiana. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Delhi mwaka 2010 kifaa cha maabara kilichouzwa kama chuma chakavu kiliua mtu mmoja. Ukikuta chombo kizito kupita kiasi kwa ukubwa wake, au chenye alama ya mapanga matatu meusi kama ya feni kwenye rangi ya njano, usikifungue, usikitie mfukoni, usikipeleke kwa mnunuzi. Sogea mbali, zuia watoto, ita polisi na uwaambie umeona alama hiyo. Kama umeshakishika, nawa kwa sabuni na maji mengi kabla ya kula chochote, nguo zako ziweke kwenye mfuko peke yake, na ufike hospitali ukieleza ulikishika saa ngapi.