Jinsi ya Kumchunguza Nondo Mdogo Kisiwani Mfangano

Chagua usiku wa giza usio na upepo, utundike shuka jeupe nyuma ya nyumba na uweke taa mbele yake. Usishangae shuka likijaa kwanza usubi wa Ziwa Viktoria, ambalo ndilo linalokizunguka kisiwa hiki, kwani huo hutoka majini kwa makundi makubwa, hasa mwezi unapoandama. Usubi una mabawa mawili tu, ilhali nondo ana manne yaliyofunikwa na vigamba laini kama unga, ambavyo hubaki kidoleni ukimshika, basi usimguse.

Mpige picha kutoka juu, rula ikiwa kando yake, kisha uandike rangi ya msingi ya mabawa ya mbele, mistari na madoa yaliyopo, na jinsi anavyoyakunja akitulia. Mabawa ya nyuma, ambayo mara nyingi hufichwa, subiri ayafunue mwenyewe. Tazama pia vipapasio: vya kipepeo huishia kwa kirungu, vya nondo kwa kawaida hufanana na uzi au unyoya.

Usiharakishe kutaja spishi kwa picha pekee, kwa sababu nondo wengi wadogo hutofautishwa tu kwa kuchunguzwa viungo vya uzazi kwa hadubini.