Somo: Namna mfanyabiashara anavyoweza kuisaidia shule ya umma bila kuiachia mzigo

Ndugu wanachama,

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wenye maduka, viwanda, karakana, mashamba na kampuni za usafirishaji, ambao kila mwaka hupokea barua yenye muhuri wa shule ikiomba saruji, madawati au mchango wa mahafali, nao hutoa mifuko kumi na kuendelea na shughuli zao kwa kuwa hawajui wafanye nini zaidi. Naendesha duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka minane nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali iliyo jirani na duka hilo. Ninayoyaeleza yanahusu Tanzania Bara, kwa sababu ndiko zinakotumika sheria na taratibu nitakazozitaja.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Januari 2016 utaratibu wa elimu bila ada ulianza, watoto wakamiminika kuandikishwa darasa la kwanza, na nchi nzima ikaingia katika kampeni ya madawati. Nilitoa madawati 60. Yalipokelewa kwa turubai, vipaza sauti na mgeni rasmi, picha zikapigwa, nami nikarudi dukani nikiwa na furaha ya kweli. Mbao zilikuwa mbichi. Zilipokauka zilipinda, misumari ikalegea, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya madawati hayo ilikuwa imerundikwa nyuma ya ofisi ya walimu. Nilipoingia katika kamati ndipo nilipofahamu kwamba wakati ule ule wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wakiomba ruhusa kila siku na kurudi nyumbani saa nne asubuhi, kwa kuwa choo chao kilikuwa kimetitia, na kwamba mwalimu mkuu alikuwa ameliandika jambo hilo katika mpango wa shule kuwa hitaji la kwanza. Sikuwahi kuuomba mpango huo niusome. Hatua zinazofuata zimetokana na jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: lipa unachodaiwa

Shule za msingi na sekondari za serikali zinasimamiwa na halmashauri chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayotudai ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwa asilimia ya mauzo yetu. Mfanyabiashara anayeficha mauzo yake kisha akapeleka rangi ya kupaka madarasa mawili anakuwa amerudisha kipande kidogo cha kile alichokichukua, na kwa maoni yangu hana haki ya kuuliza halmashauri imefanya nini. Aliyelipa kikamilifu ana sauti, na sauti hiyo tutaihitaji katika hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: omba mpango wa shule na uusome hadi mwisho

Hapa ndipo ninapowasihi mtumie muda mwingi. Kila shule inatakiwa kuwa na mpango wake wa maendeleo, taarifa ya mapato na matumizi, na taarifa ya wathibiti ubora wa shule waliofika kuikagua. Nenda kwa mwalimu mkuu, au kwa mkuu wa shule ikiwa ni sekondari, uketi naye saa mbili bila mpiga picha, na umwombe akuonyeshe nyaraka hizo. Kisha fanya hesabu kama unavyofanya dukani.

Tuchukue shule ya msingi yenye wanafunzi 800, nusu wasichana na nusu wavulana. Kiwango kilichowekwa cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwa hiyo shule hiyo inahitaji matundu 20 ya wasichana na 16 ya wavulana. Darasa moja linatakiwa kuwa na wanafunzi 45, kwa hiyo vinahitajika vyumba 18. Sasa zunguka uhesabu vilivyopo. Upande wa fedha, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Hata kama yote ingefika shuleni, wanafunzi 800 wangeleta shilingi milioni 8 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 700,000 kwa mwezi, na kutoka humo zitoke chaki, mitihani, michezo, ukarabati na shughuli za ofisi. Mfanyabiashara akishaiona hesabu hii kwa macho yake haulizi tena kwa nini kitasa cha mlango hakijabadilishwa tangu mwaka juzi, wala hamwoni mwalimu mkuu kuwa mtu asiyejua kupanga.

Baada ya hapo uliza swali moja tu: ni kitu gani kikikosekana, watoto hawaji shuleni au wakija hawasomi? Jibu mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye barua uliyoletewa, kwa kuwa barua huandikwa kwa kukisia kile ambacho mfadhili atapenda kukitoa.

Hatua ya tatu: pitia mlango ulio halali

Toa kusudio lako kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu wa idara husika, afisa elimu kata, na kamati ya shule, au bodi ikiwa ni sekondari. Fedha taslimu ziingie katika akaunti ya shule na kutolewa risiti. Zisipitie katika simu ya mwalimu yeyote, hata kama ni rafiki yako wa miaka mingi, kwa sababu siku maswali yatakapoulizwa utakuwa umemweka mahali pabaya. Vifaa viandikwe katika leja na kuwe na hati ya makabidhiano. Ujenzi ufuate ramani iliyoidhinishwa na usimamiwe na mhandisi wa halmashauri. Nami nasisitiza kwa wenzangu wa vifaa vya ujenzi: ukiwa mjumbe wa kamati, usiiuzie shule hiyo hata kilo moja ya misumari.

Hatua ya nne: kubali kutoa kisichopigwa picha

Vijiji vingi vina maboma, yaani kuta zilizopandishwa kwa nguvu za wananchi zikasimama bila paa huku mvua ikizila mwaka baada ya mwaka. Kuezeka boma lililokuwepo ni faida kubwa kuliko kuchimba msingi mpya wenye jina lako. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, makadirio yalikuwa shilingi milioni 20 kwa chumba. Kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho boma lililofika kwenye linta linaweza kupauliwa, kupigwa lipu na kuwekwa milango. Vivyo hivyo kwa vyoo, maji ya kunawa, na chumba cha wasichana kujistiri chenye taulo za kike. Tenga pia fungu la matengenezo kwa kila unachotoa. Fundi mmoja anayekuja kila likizo na boksi la skrubu, gundi na mbao chache zilizokauka vizuri angeyaokoa madawati yangu karibu yote.

Hatua ya tano: peleka ujuzi wako, kisha kaa

Walimu wamesomea kufundisha. Hawakusomea kulinganisha bei za wazabuni watatu, kutambua nondo pungufu au kupanga stoo. Wewe unayafanya hayo kila siku. Saa tatu kwa mwezi za mhasibu wako akimsaidia mwalimu anayeshughulikia FFARS, yaani mfumo wa kielektroniki wa hesabu na taarifa za fedha za shule, zinaweza kuifaa shule kuliko hundi ya mfano yenye urefu wa mita mbili. Wenye gereji, viwanda vya useremala, ushonaji na uchomeleaji wana nafasi ya pekee sasa, kwa kuwa mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ulianza katika baadhi ya shule za sekondari Januari 2024, kufuatia mtaala mpya na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Shule yenye mwalimu mzuri wa amali lakini yenye mashine moja kwa wanafunzi 50 inahitaji karakana ya jirani itakayopokea wanafunzi kwa zamu, chini ya uangalizi wa mwalimu wao na kwa makubaliano ya maandishi kuhusu usalama.

Ahidi miaka mitatu. Katika muda huo fuatilia mambo machache: mahudhurio ya wasichana, idadi ya watoto wa darasa la tatu wasioweza kusoma aya fupi ya Kiswahili, na idadi ya siku ambazo walimu walikuwepo darasani. Usiyafuatilie kama bosi. Yaulize katika kikao cha kamati, mbele ya wazazi, na usikilize maelezo ya walimu kabla ya kutoa maoni yako.

Hatua ya sita: sema mahali panapoamuliwa fedha

Sote tukichanga kwa pamoja bado hatuwezi kuajiri walimu wa wilaya moja. Bajeti ya halmashauri ndiyo inayoweza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla, na vikao vya Baraza la Madiwani huruhusu wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Wafanyabiashara hujaza ukumbi pale tozo za soko zinapojadiliwa. Natamani nione ukumbi huo ukijaa siku inapojadiliwa sababu ya shule ya kata kukosa mwalimu wa hisabati. Kabla ya kikao, mwone diwani wako ukiwa na karatasi moja yenye hesabu za hatua ya pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama kutoka Geita: Mzee wetu, shikamoo. Kampuni yetu ina leseni ya uchimbaji madini na mkurugenzi wetu anataka tujenge bwalo katika shule aliyosoma yeye. Je, tunaweza kuamua wenyewe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa wenye leseni za madini si suala la hiari tupu. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inawataka waandae kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo la mradi. Bwalo liingizwe katika mpango huo likishindanishwa na mahitaji mengine. Ikiwa shule ya mkurugenzi iko mbali na mgodi, aijengee kwa fedha zake mwenyewe. Wanaovumilia vumbi la mgodi ndio wenye haki ya kwanza katika mpango huo.

Mwanachama mwenye kiwanda kidogo, Morogoro: Ndugu mtoa somo, mhasibu wangu anasema msaada wa shule hauna nafuu yoyote ya kodi. Ni kweli?

Jibu: Si kweli kwa ujumla wake. Uko Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA. Mchango unaotolewa kwa utaratibu wa sheria hiyo hutambuliwa kwa hati, na Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kuutoa katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi. Michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii nayo hutambuliwa, ila kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mwombe mhasibu awasiliane na TEA kabla hujatoa, kwa kuwa hati haitengenezwi baada ya jambo kupita.

Mwanachama, mama lishe, Tanga: Mimi sina kampuni. Naweza kutenga shilingi 50,000 kwa mwezi. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu sana, mama yangu. Chakula cha mchana shuleni hutegemea kwa kiasi kikubwa michango ya wazazi, na mtoto ambaye kwao hawana debe la mahindi hukaa pembeni akiwatazama wenzake wakila. Kaa na kamati mkubaliane kuwalipia watoto kadhaa kwa mwaka mzima, majina yabaki kwa mwalimu wa malezi ili wasiaibike. Zaidi ya fedha, wewe unajua kupika kwa ajili ya watu wengi bila kuunguza wala kupoteza. Wapishi wa shule wanahitaji mtu wa kuwaonyesha hilo.

Mwanachama kutoka Arusha: Tumetoa matangi ya maji. Tunataka kuchora nembo ya soda zetu kwenye ukuta wa darasa la kwanza. Kamati imekataa. Tumekosewa?

Jibu: Hamkukosewa. Kibao kidogo kwenye tangi kinachotaja mtoaji na mwaka kinatosha. Mtoto wa miaka sita anayejifunza kusoma asiwekewe tangazo la bidhaa mbele ya macho yake siku 194 za masomo, kwa kuwa hana uwezo wa kulikataa.

Mwanachama, mwalimu mkuu: Nimeletewa kompyuta 20 na kampuni moja, shule haina umeme. Nikikataa naonekana sina shukrani, nikipokea zitaozea stoo. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, usikatae wala usizipokee leo. Andika barua ya shukrani iliyoidhinishwa na kamati, ueleze kwamba shule itazipokea mara umeme utakapoingizwa, na uambatishe makadirio ya kuvuta umeme, nondo za madirisha na mwalimu mmoja kupata mafunzo. Waambie wazi kwamba kompyuta 8 zenye umeme mnazihitaji kuliko 20 zisizo nao. Mwalike mmoja wao aje siku ya kawaida ya masomo, si siku ya sherehe, umtembeze darasa kwa darasa. Kama wana nia njema watabadilisha mpango. Kama hawataki, mkabidhi mkurugenzi barua yao na yako ili kompyuta hizo azielekeze katika shule yenye umeme ndani ya halmashauri hiyo hiyo.