Namna ya Kutafuta Viambata vya Kupambana na Saratani katika Sponji wa Baharini

Sponji, ambaye vitabu vingine humwita sifongo, ni mnyama asiyeweza kukimbia wala kujificha, na kwa sababu hiyo hujilinda kwa kemikali, baadhi akizitengeneza mwenyewe na nyingine zikitengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, ambao katika spishi fulani hufikia asilimia 40 hivi ya uzito wa mwili wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann na mwenzake walieleza viambata visivyo vya kawaida kutoka kwa sponji wa Florida. Viambata hivyo ndivyo vilivyoelekeza wanakemia kwenye sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na inayotumika hadi leo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia au biolojia anayetaka kuifuata njia hiyo.

Anza na vibali. Kwa Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa Kenya ni NACOSTI, tume kama hiyo; maeneo ya hifadhi ya bahari yana taratibu zake za ziada, na sampuli zikivuka mpaka, masharti ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu mgawanyo wa faida itokanayo na viumbe hai, huhitaji makubaliano ya maandishi.

Majini, piga picha kabla ya kukata, kwa kuwa rangi ya sponji hubadilika upesi anapotolewa, kisha andika kina, mahali na aina ya mwamba. Vaa glavu, kwa maana wengine huwasha vibaya. Kata kipande tu na uache shina ili mnyama apate kuota tena. Kipande kimoja kitumbukize katika ethanoli kiwe kielelezo cha kudumu, na kilichobaki kiweke kwenye barafu hadi maabara, kisha kigandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Ili kumtambua sponji, chukua kipande kidogo cha tishu ukilowanishe kwa Jiki: nyama huyeyuka na kubaki vijimwiba vya silika, ambavyo umbo lake chini ya hadubini humsaidia mtaalamu kutaja jenasi, ingawa wako sponji wasio na vijimwiba kabisa.

Dondoo hupatikana kwa kuloweka sponji aliyekatwakatwa katika methanoli kwa siku moja, mara tatu, kisha katika mchanganyiko wa methanoli na dikloromethani, na kuvukiza viyeyushi chini ya nyuzi 40. Utakachokipata mwanzoni kitakuwa kimejaa chumvi ya bahari. Tenganisha kwa maji na ethili asetati kabla ya kufurahia uzito wake.

Sasa linakuja jaribio la seli, ambapo wengi hujidanganya. Kipimo cha MTT hutumia kemikali ya njano inayogeuzwa zambarau na seli zilizo hai, lakini baadhi ya viambata vya sponji huigeuza vyenyewe bila seli yoyote. Hivyo, katika sahani ya majaribio, weka daima vishimo vyenye dondoo pekee bila seli, vingine vyenye seli na kiyeyushi pekee, na vingine vyenye seli na dawa ya saratani ambayo tayari inafahamika, mfano doksorubisini. Kwa dondoo ghafi, kiwango kinachotajwa sana ni kuua nusu ya seli kwa mikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita, na kwa kiambata safi ni 4. Hata ukikifikia kiwango hicho, kumbuka kwamba ile Jiki uliyotumia kwenye vijimwiba nayo huua seli za saratani. Linalotafutwa ni kiambata kinachoziua na kuziacha seli za kawaida, na kwa hiyo seli za kawaida zijaribiwe sambamba tangu siku ya kwanza. Dondoo hiyo si dawa, na haifai kunywewa na mtu yeyote.

Dondoo iliyofaulu igawanye kwa kromatografia, yaani mbinu ya kutenganisha viambata vilivyochanganyika, jaribu kila sehemu, na uendelee na ile tu yenye nguvu. Kabla ya kupoteza miezi, pima uzani wa molekuli zako kwa spektrometa ya masi, kisha uulinganishe na hifadhidata za viambata vya baharini, kwani mara nyingi utakuta mwingine alishakivumbua kiambata hicho. Kikiwa kipya, umbo lake litajulikana kwa NMR, mbinu inayotumia sumaku kali kuonyesha jinsi atomi zilivyopangika.

Kikwazo kikubwa hubaki kiasi. Wajapani waliotoa kiambata kiitwacho halikondrini B mwaka 1986 walitumia kilo 600 za sponji Halichondria okadai wakapata miligramu 12.5. Njia ilifunguka baada ya mwanakemia Yoshito Kishi na wenzake kuitengeneza halikondrini B maabarani mwaka 1992, na sehemu yake iliyorahisishwa, eribulini, ikaidhinishwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti. Na kwa kuwa mtengenezaji halisi anaweza kuwa bakteria, ambaye jeni zake huenda siku moja zikahamishiwa kwa kiumbe kinachokuzwa kwa urahisi, siku ile ile ya kuzamia tenga kipande kingine kidogo kwa ajili ya DNA, ukihifadhi kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, chenye namba ileile ya kielelezo.