Kabla ya Hodi ya Kwanza: Kumwandaa Mwenyeji wa Mauzo ya Nyumbani

Mauzo ya vyombo sebuleni, ambapo mwenyeji anaalika watu kwake, muuzaji anaonyesha bidhaa na mwenyeji anapata zawadi kulingana na mauzo, kwa kawaida hayaharibikii siku yenyewe. Yanaharibika wiki mbili kabla, pale muuzaji anapomwambia mwenyeji, "Wewe alika watu tu, mengine niachie," kisha akamwacha na picha ya bidhaa kwenye simu. Mwenyeji anaitupa picha ile kwenye kundi la WhatsApp, watu 15 wanaweka kidole gumba, na Jumamosi ikifika wamekaa watatu: mdogo wake, jirani wa ukuta mmoja na mtoto aliyefuata soda.

Kabla ya kumtafuta mwenyeji, jiulize kama bidhaa yako inastahili sebule. Mtindo huu ulipata jina Marekani kwa sababu moja ya msingi. Mvumbuzi Earl Tupper alikuwa ametengeneza bakuli za plastiki zenye mfuniko usiopitisha hewa, lakini madukani hazikuchangamka, maana mteja hakujua mfuniko ule unafungwaje. Wauzaji waliozipeleka majumbani na kuonyesha kwa mikono, Brownie Wise akiwa mmoja wao, waliziuza kwa wingi. Mwaka 1951 kampuni ya Tupper ikaziondoa madukani na Wise akakabidhiwa mauzo ya majumbani. Kipimo hicho bado kinafaa. Chombo chenye mfuniko wa kubana, sufuria nzito, udi na manukato, vitenge na mashuka: hivi hushikwa, hunuswa, hukunjuliwa. Ndoo na beseni mtu atanunua gengeni bila kukaa kwenye kochi la mtu.

Siku 14 kabla, nenda nyumbani kwa mwenyeji ukae naye nusu saa. Usiyamalize kwenye simu, kwa sababu unahitaji kuona. Hesabu viti: ukimtaka akae na wageni 12 na sebule ina kochi la watu 5, ama mtakodi viti vya plastiki ama mtatandika mikeka, na ukichagua mikeka meza ya maonyesho iwe fupi, la sivyo nusu ya watu watatazama miguu ya meza. Angalia mwanga wa jioni unaingilia wapi, soketi iko upande gani, na umeme ukikatika kuna taa ya chaji au hakuna. Angalia pia geti. Kwenye nyumba za ghorofa mlinzi asipoambiwa mapema, wageni watasimama chini wakipiga simu na mwenyeji atapanda na kushuka ngazi badala ya kukaribisha.

Katika kikao hicho uliza swali ambalo wauzaji wengi huliona la aibu: nyumbani wanajua? Mume, mama mkwe, dada anayekaa chumba cha nyuma. Mauzo yamewahi kuvunjika kwa sababu baba mwenye nyumba amerudi akakuta viatu 14 mlangoni na hakuwa na habari. Dakika 5 za kuwaarifu mapema zinatosha.

Tarehe ni ya mwenyeji, lakini mwongoze. Siku kati ya tarehe 25 na tarehe 5 ndizo zenye pesa kwa watu wa mishahara. Kwa wafanyabiashara wa sokoni haina tofauti kubwa, ila wao Jumamosi hawapatikani. Januari iacheni, ada za shule zimeshachukua kila kitu, na Wakenya hawakuiita Njaanuari bure. Wiki mbili kabla ya Ramadhani vyombo vya kuhifadhia chakula vinatoka vizuri, na wiki ya mwisho kabla ya Idi mashuka na mapazia yanatoka vizuri zaidi. Ndani ya mwezi wenyewe usijaribu jioni. Miezi mingine, ukanda wa pwani saa 10:30 alasiri inafaa: watu wameshaswali alasiri, na mkimaliza saa 12:00 kila mmoja anawahi magharibi kwake. Epuka siku ya kikoba cha mwenyeji, hata kama yeye anaona ndiyo nafasi nzuri ya kuwapata watu wote pamoja. Mtu aliyetoka kuweka hisa hana kitu mkononi.

Sasa orodha ya wageni. Anayetaka watu 12 waketi, aandike majina 30. Si kwamba 18 hawampendi. Mmoja ana msiba, mwingine mtoto ana homa, wa tatu atasema "nitakuja inshallah" na sote tunajua maana yake. Mwenyeji akiachwa peke yake ataandika majina 9 na kusema ndio anaowajua. Mkalie, mtembeze kichwani: wa kazini, wa msikitini au kanisani, wazazi wenzake wa shule, shemeji na mawifi, majirani wa nyumba ya zamani, fundi wake wa nguo, aliyesoma naye, anayemuuzia mboga. Majina yanafika 30 bila taabu. Faida ya kuchanganya hivi inaonekana baadaye: wageni wote wakitoka ofisi moja, mmoja akisema bei iko juu wote wanakunja fomu za oda. Waliochanganyika hawana kiongozi wa kugoma.

Mwaliko ndio sehemu inayohitaji mazoezi, na hapa ndipo penye hofu ya kweli ya mwenyeji. Kwetu mtu akiona ujumbe mrefu unaoanza na "Habari ndugu, kwa heshima kubwa", anajua ni mchango. Harusi, kipaimara, send-off, msiba. Kila mmoja ana makundi matatu ya michango kwenye simu na mengine kayanyamazisha. Kwa hiyo mwaliko wa maandishi matupu unakufa kabla ya kusomwa. Mwenyeji apige simu au amwone mtu uso kwa uso, siku 10 kabla, na aseme mambo manne kwa lugha yake: siku na saa, kwamba kutakuwa na vyombo vinauzwa, kwamba kuja si lazima kununua, na sababu moja ya kumwita yeye hasa. Kitu kama, "Shoga, Jumamosi saa kumi na nusu njoo kwangu. Kuna dada analeta vyombo, vile vya kufunga kabisa, nikakumbuka unga wako ulivyoingia fukusi. Hununui, basi, utakunywa juisi." Hilo linatosha. Akianza kueleza bei na rangi kwenye simu, mgeni anakataa akiwa bado kitandani.

Asiwafiche lengo. Mwenyeji akisema "njooni tupige stori" kisha wageni wakakuta meza imepangwa bidhaa, watakaa kwa adabu, hawatanunua, na mwaliko wake ujao hata wa maulidi watauangalia mara mbili. Na kama nawe unaajiri wauzaji wapya chini yako, mwambie mwenyeji waziwazi kabla, aamue kama hilo lizungumzwe nyumbani kwake. Mpango unaolipa watu kwa kuingiza wenzao badala ya kuuza bidhaa ni biashara ya upatu, na sheria ya Tanzania inaikataza. Asijikute ndiye aliyeikaribisha sebuleni bila kujua.

Baada ya simu ya kwanza kuna ukumbusho mara mbili: siku mbili kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Hapo ujumbe mfupi unafaa, ukiwa na ramani ya simu na alama ya mtaani ambayo bodaboda anaijua. "Nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga" inamfikisha mtu kuliko ramani.

Wiki moja kabla, mwachie mwenyeji chombo kimoja akitumie. Kimoja tu, na kiwe cha kazi anayoifanya kila siku: cha unga, cha kuhifadhi tui kwenye friza, au cha donge la chapati. Siku ya mauzo neno lake, "Nimekaa nalo tangu Jumatatu, donge halijakauka juu," litafanya kazi ambayo maelezo yako ya nusu saa hayaifanyi. Mwambie pia udhaifu wa chombo, ili asiahidi visivyowezekana. Plastiki haikai karibu na jiko la mkaa. Manjano yataacha doa, na samaki ataacha harufu. Ageuze kitako aone namba ndani ya pembetatu: 5 ni polipropilini, inavumilia joto kuliko plastiki laini ya namba 4, lakini kuingiza kwenye maikrowevu ni mpaka chombo chenyewe kiwe na alama yake. Mwenyeji akisema "hili linaingia popote", wiki ijayo kuna mtu atarudi na bakuli lililopinda, na atarudi kwake, si kwako.

Onyesho la mfuniko lijaribuni pamoja mara moja kabla. Bakuli lijazwe nusu kwa juisi ya rosela, mfuniko ubonyezwe katikati, ukingo uinuliwe kidogo hewa itoke, ushushwe, kisha bakuli ligeuzwe juu ya kitambaa cheupe. Wageni hupenda kitambaa cheupe; wanasubiri aibu. Makosa mawili ndiyo huivuta aibu hiyo: ukingo wenye mafuta, ambao haushiki, na maji ya moto, ambayo mvuke wake unausukuma mfuniko juu. Tumia kilichopoa, futa ukingo kwa kitambaa kikavu.

Chakula kinataka mkono mzito wa muuzaji, maana mwenyeji wa Kiswahili ukimwambia wageni wanakuja atataka kupika. Mpigie hesabu. Tuseme mauzo yanafika shilingi 800,000 na zawadi yake ni bidhaa za asilimia 10, yaani 80,000. Akipika pilau ya nyama ya watu 15 na soda juu yake, zawadi imeliwa kabla hajaipata, na tena ametoka jikoni amechoka, nguo zinanuka moshi, hajasikia hata neno moja la maonyesho. Juisi ya ukwaju lita 5 inawatosha watu 15 kwa glasi moja kubwa, pamoja na kashata, karanga au visheti vya sahani mbili. Juisi itoke wageni wanapofika. Vitafunwa vitoke fomu zikishagawiwa, sio kabla: mgeni akishakula na kunawa, kwake shughuli imekwisha, anatafuta viatu.

Zawadi yenyewe iandikwe. Asilimia ngapi, inahesabiwa kwenye oda au kwenye pesa iliyoingia, inatolewa lini. Ugomvi mwingi kati ya muuzaji na mwenyeji huanzia hapa: mmoja alihesabu oda za 800,000, mwingine alihesabu 520,000 zilizolipwa.

Kwenye pesa kuna kanuni moja isiyo na msamaha: mwenyeji hashiki pesa na hadhamini deni. Wageni watamwambia, "Niandikie, nitakupa tarehe 30," kwa sababu ni rafiki yao, na yeye hataweza kukataa. Basi mfundishe kujibu, "Pesa ni za dada mwenyewe, mimi mwenye nyumba tu." Mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye, ina mahali pake kati ya watu wanaofanya biashara pamoja, lakini kwenye mauzo ya nyumbani huua urafiki. Nusu ilipwe siku hiyo, nusu mzigo ukifika. Lipa namba au till iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi mezani, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu, maana mtu akiona jina asilolijua anasita na kuahirisha. Mtandao ukisumbua, noti za kurudisha chenji ziwepo: elfu moja moja na mbili mbili. Fomu ya oda iwe na jina, simu, bidhaa, rangi, idadi, kilicholipwa, kilichobaki na tarehe ya kupokea. Rangi husahaulika kuliko yote, na ndiyo inayorudisha mizigo.

Namba za simu zilizomo kwenye fomu ni za oda. Usimwingize mtu kwenye kundi lako la matangazo bila kumuuliza. Na picha: ukumbini wanawake wamevua mabuibui, wamelegea, wapo kwa mwenzao. Piga picha ya meza. Ya watu, mwenyeji aombe ruhusa kwa sauti kila mtu asikie, na mmoja akikataa, kamera irudi mfukoni.

Siku yenyewe kazi ya mwenyeji ni chache: kupokea, kukaa mbele, kuagiza kitu chake wa kwanza mbele ya watu. Tafuta binti wa kushika watoto chumba kingine au uani; usipompata, watoto ndio watakaofungua na kufunga vifuniko hadi vilegee. Fika saa nzima kabla. Anza dakika 20 baada ya saa iliyotajwa, hata kama wamefika 6, kwa sababu waliowahi wakichoka watawaambukiza waliochelewa. Maonyesho yasizidi dakika 35.

Mkabidhi mwenyeji nakala ya oda zote kabla hujaondoka, na mkubaliane mzigo utashukia wapi. Mzigo ukifika, kila mteja awe na mfuko wake wenye jina, na ndani karatasi ya kiasi kilichobaki. Mwenyeji akiletewa boksi moja la vyombo 60 vilivyochanganyika, atakaa sakafuni usiku akilinganisha vifuniko, na wa buluu mdogo utakosekana. Mzigo ukichelewa mpigie yeye kwanza, siku ileile ulipojua, kwa sababu ni yeye watakayekutana naye bombani kesho asubuhi.